Joto Chini ya Boneti ya Motokaa ya Kale

Motokaa iendapo barabarani, watu huona magurudumu yakizunguka na husikia mlio wa injini, lakini jambo kubwa litendekalo ndani yake halionekani kwa macho. Jambo hilo ni moto. Kila motokaa inayotumia petroli huchukua moto ndani ya injini yake, nao huwaka na kuzimika maelfu ya mara kwa dakika moja. Moto huo ukitawaliwa vema, humfikisha mtu mwisho wa safari yake salama. Usipotawaliwa, humwacha njiani juani, na pengine huteketeza gari lote.

Wako watu katika nchi nyingi, kama Japani, Uingereza, Marekani na Kenya, wapendao kutunza motokaa zilizoundwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Motokaa hizo zapendeza kwa umbo lake, tena fundi aweza kuzitengeneza kwa spana na mikono yake. Walakini nyingi zina matata mamoja makubwa: moshi wa moto utokao katika injini hupita karibu sana na petroli. Habari hizi zaeleza joto hilo latoka wapi, lapita njia gani, laleta madhara gani, na jinsi fundi mwenye akili awezavyo kuliongoza.

1. Joto Latoka Wapi

Ndani ya injini mna mitungi ya chuma iitwayo silinda, na ndani ya kila silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Petroli iliyochanganyika na hewa huingia katika silinda, hubanwa na pistoni, kisha huwashwa na cheche ya plagi. Mara huungua kwa nguvu, na hewa iliyopata moto hutanuka ikaisukuma pistoni chini. Pistoni ikipanda tena, valvu ya moshi hufunguka, na moshi hutolewa nje.

Mtu aweza kudhani ya kuwa nguvu yote ya petroli huenda kwenye magurudumu. Sivyo. Joto la petroli iliyoungua hugawanyika karibu mafungu matatu. Fungu moja hufanya kazi ya kusukuma gari, nalo aghalabu ndilo dogo kuliko yote. Fungu la pili huchukuliwa na maji ya rejeta na hewa ipitayo. Fungu la tatu hutoka pamoja na moshi. Basi mtu anunuapo lita 3 za petroli, karibu lita 1 yaishia katika joto la moshi.

Joto hilo si dogo. Gari likipanda mlima na mzigo, moshi utokao katika silinda waweza kupita digrii 700 za Sentigredi. Maji huchemka kwa digrii 100. Risasi huyeyuka kwa digrii 327, na alumini kwa digrii 660. Moshi huo huingia kwanza katika bomba nene la chuma lenye matawi, ambalo mafundi huliita manifoldi ya moshi. Kila silinda ina tundu lake la kutokea, na matawi yote hukutana kuwa bomba moja lipitalo chini ya gari hata nyuma. Baada ya kazi nzito usiku, manifoldi yaweza kuonekana nyekundu, kama jembe lililo katika makaa ya mhunzi.

2. Njia Tatu za Joto

Atakaye kulitawala joto hana budi kujua kwanza jinsi linavyosafiri. Kila mtoto aliyekaa jikoni amekwisha kuziona njia zake, ijapokuwa pengine hakuzitambua.

Njia ya kwanza ni kupita ndani ya kitu kigumu. Kijiko cha chuma kikiachwa katika chungu cha uji uchemkao, baada ya kitambo mpini wake huunguza mkono, ingawa haukugusa uji. Mwiko wa mti hauunguzi hivyo. Chuma hupitisha joto upesi. Mti hulipitisha polepole.

Njia ya pili ni kuchukuliwa na hewa au maji. Moto ukiwaka mafigani, hewa iliyo juu yake hupata joto, huwa nyepesi, nayo hupanda kwenye paa. Hewa baridi huja mahali pake, nayo hupata joto ikapanda vilevile. Ndiyo maana nyumba isiyo na mahali pa kutokea moshi hujaa joto juu, hata kama sakafu ina baridi.

Njia ya tatu ni mionzi. Mtu akiketi kando ya moto huhisi joto usoni, hali hewa iliyo kati yake na moto haikupata joto sana. Mtu mwingine akisimama mbele yake, mara joto hukatika. Joto la jua hufika duniani kwa njia hii, likipita mahali pasipo hewa kabisa.

Njia hii ya tatu ina kanuni ya ajabu. Mwaka 1879 Josef Stefan, mwanachuoni wa Austria, aligundua ya kuwa kitu kikizidi kuwa moto, mionzi yake haiongezeki kidogo kidogo, bali huruka kwa wingi. Manifoldi yenye digrii 600 haitoi mionzi maradufu ya ile yenye digrii 300, bali zaidi ya mara 5. Kwa hiyo gari lililokuwa jema katika barabara tambarare laweza kuleta matata makubwa mlimani.

Katika njia zote hizi mna fundisho moja la kushika: joto haliuawi, bali huhamishwa tu. Likizuiwa hapa, litakwenda pale. Fundi akiliziba bila kulifungulia njia ya kutokea, amelifungia nyumbani mwake.

3. Mfano wa Motokaa Moja

Mwaka 1969 kampuni ya Nissan ya Japani ilitoa motokaa ya mbio yenye milango miwili na boneti ndefu. Nchini Japani iliitwa Fairlady Z, na katika nchi nyingine iliitwa Datsun 240Z. Injini yake ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wake katika 240Z ni sentimita za ujazo 2,393.

Afrika ya Mashariki yaikumbuka motokaa hiyo. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda nayo pamoja na Lofty Drews. Kisha mwaka 2003 yalianzishwa mashindano ya motokaa za kale, yaitwayo East African Safari Classic, kuadhimisha miaka 50 tangu Safari ya kwanza ya mwaka 1953. Humo Datsun za namna hiyo zimeonekana tena katika vumbi na milima.

Sasa tazama jinsi injini yake ilivyopangwa. Katika injini nyingine, hewa na petroli huingia upande mmoja, na moshi hutoka upande wa pili. Lakini katika injini hii matundu ya kuingilia na matundu ya kutokea yako ubavu mmoja. Kabureta 2, ambazo ndizo zichanganyazo petroli na hewa, zimekaa juu. Na manifoldi ya moshi iko chini yake. Ni kama mtu aliyetundika kibuyu cha mafuta juu ya jiko. MGB ya Uingereza, iliyoundwa tangu mwaka 1962 hata mwaka 1980, ina mpango uo huo.

Waunzi hawakuwa wajinga. Mpango huo ni rahisi kuunda, tena katika nchi za baridi joto kidogo hufaa, kwa sababu petroli baridi haigeuki mvuke vizuri, na injini hukohoa asubuhi. Nao waliweka bati kati ya kabureta na manifoldi ili kupunguza joto. Lakini miaka ikipita mabati hayo huoza au hupotea, na mara nyingi mafundi waliotengeneza gari hawakuyarudisha. Hapo ndipo matata huanza.

4. Madhara ya Joto

Dhara la kwanza hupata petroli. Petroli si kitu kimoja kama maji, bali ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vilivyo vyepesi huanza kuchemka kwa digrii 35 hivi. Vilivyo vizito hungoja hata karibu digrii 200. Kwa hiyo kabureta ikipata moto, sehemu nyepesi za petroli huchemka mapema. Mapovu ya mvuke hujaa katika mabomba membamba. Pampu iliyoundwa kusukuma petroli ya majimaji hukuta mvuke, nayo haiwezi kuusukuma, kama mtu atakaye kuchota maji kwa ndoo akachota hewa. Injini hukatakata, kisha huzimika.

Nchi za juu huzidisha matata hayo. Mtu aendaye Nairobi kutoka Mombasa hupanda tangu usawa wa bahari hata mita 1,700 hivi. Huko juu hewa haigandamizi sana, na kila kitu cha majimaji huchemka upesi zaidi. Maji yachemkayo Mombasa kwa digrii 100 huchemka Nairobi kwa digrii 95 hivi. Petroli nayo ni vivyo hivyo. Basi motokaa ipandayo hupata mambo mawili pamoja: injini hufanya kazi kubwa na kutoa joto jingi, na petroli huwa nyepesi kuchemka.

Lakini wakati mbaya kuliko wote si wakati wa kwenda, bali ni dakika zifuatazo baada ya kusimama. Jambo hili huwashangaza wengi. Dereva ametoka Mombasa asubuhi, afika Mtito Andei saa sita, azima injini, aenda kunywa chai. Arudipo baada ya robo saa, gari lakataa kuwaka. Yeye hudhani ya kuwa injini ingalipoa. La! Gari lilipokuwa likienda, upepo ulipita chini ya boneti, feni ilizunguka, maji yalitembea, na petroli mpya kutoka tangini ilipoza kabureta daima. Injini ilipozimwa, hayo yote yalikoma mara moja. Ila chuma cha manifoldi kilikuwa bado na joto la mamia ya digrii, nalo likapanda polepole kwenye kabureta. Petroli iliyo katika kikombe cha kabureta ikachemka, ikamwagika ndani ya matundu ya injini, au ikageuka mvuke hata kikombe kikawa kikavu.

Dhara la pili ni kupungua kwa nguvu. Hewa moto ni nyepesi. Injini ivutapo hewa ya digrii 60 badala ya digrii 30, hupata hewa pungufu karibu sehemu 9 katika 100, na nguvu yake hupungua karibu kadiri hiyo.

Dhara la tatu hupata vitu vilivyo jirani. Mipira ya petroli hukauka na kupasuka. Ngozi za nyaya za umeme hugumu na kumong'onyoka, na waya mtupu hugusa chuma. Siku hizi tena petroli ya nchi nyingi huchanganywa na alkoholi. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 2021 petroli ya kawaida yaweza kuwa na alkoholi hata sehemu 10 katika 100. Mipira ya zamani haikuundwa kwa petroli hiyo, nayo huharibika upesi.

Dhara la nne ndilo baya kabisa, nalo ni moto wa gari. Mpira uliopasuka ukidondosha petroli juu ya manifoldi, mvuke wake waweza kuwaka wenyewe pasipo cheche yo yote. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa na kukaa mahali pa chini. Wahenga walisema, “Usipoziba ufa, utajenga ukuta.” Mpira wa bei ndogo usipobadilishwa, gari lote huweza kuwa majivu, na pengine mtu yu ndani.

5. Kuanza na Chanzo

Fundi mwema hakimbilii kununua vitu vya kuzuia joto. Kwanza huuliza: Je, injini hii yatoa joto kupita kiasi chake?

Cheche ya plagi ikichelewa, petroli huwa ingali inaungua wakati valvu ya moshi inapofunguka, na joto lililopasa kusukuma pistoni hutupwa katika manifoldi. Petroli ikiwa chache mno kuliko hewa, moshi huweza kuzidi joto vilevile. Mambo haya mawili hurekebishwa kwa kupima na kukaza, bila gharama kubwa.

Kisha hutazama gasketi iliyo kati ya manifoldi na injini. Ikiwa imeungua, moshi huvuja chini ya boneti. Fundi husikia sauti ya tiki, tiki, tiki injini ikiwa baridi, au huona alama nyeusi za masizi. Uvujaji huo haufai kudharauliwa. Moshi wa petroli una hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia ndani ya gari, humfanya dereva kuumwa kichwa na kusinzia, nayo huweza kumwua. Kwa sababu iyo hiyo injini haiwashwi ndani ya banda lililofungwa.

6. Ngao ya Bati

Baada ya chanzo kutengenezwa, huja kazi ya kukata mionzi. Chombo chake ni ngao, yaani bati liwekwalo kati ya manifoldi na kabureta, kama mtu asimamaye mbele ya moto.

Bati la alumini lililosuguliwa hata likang'aa hurudisha sehemu kubwa ya mionzi iliyolipiga, kama kioo kirudishavyo nuru. Likichafuka kwa mafuta na masizi, hupoteza sifa hiyo, na kwa hiyo yapasa kupanguswa. Ngao iliyo bora ina mabati mawili yenye nafasi ya hewa katikati. Bati la chini hupata joto. Hewa iliyo kati hupita na kulichukua. Bati la juu hubaki na joto dogo. Ngao isigusane na manifoldi, wala isikazwe barabara kwenye kabureta, maana joto litapita njia ya chuma na kazi yote itakuwa bure.

7. Kipande cha Katikati

Mionzi ikikatwa, bado joto laweza kupanda ndani ya chuma chenyewe. Manifoldi ya hewa imefungwa kwenye injini, na kabureta imefungwa kwenye manifoldi hiyo. Chuma juu ya chuma ni daraja la joto.

Daraja hilo huvunjwa kwa kuweka kipande kinene kisichopitisha joto upesi kati ya kabureta na manifoldi. Zamani kilitengenezwa kwa bakelaiti, aina ya plastiki ngumu iliyovumbuliwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyekaa Marekani. Alumini hupitisha joto mamia ya mara kuliko kitu hicho. Ni kazi ile ile ya mpini wa mti katika sufuria ya chuma.

Walakini fundi aangalie mambo mawili. Kabureta hupanda kidogo kadiri ya unene wa kipande. Basi yapasa kuhakikisha ya kuwa haigongi boneti, na ya kuwa vyuma vya kuongozea petroli havikukwama. Pia gasketi ziwekwe pande zote mbili, ili hewa isivute mahali pasipopasa.

8. Kulivika Bomba Nguo

Wako wafunikao mabomba ya moshi kwa utepe wa nyuzi za kioo au nyuzi za mawe. Utepe huo huzuia joto lisitoke, moshi huenda nyuma ukiwa bado na joto lake, na chini ya boneti pakawa na nafuu. Wengine huyapaka mabomba ganda gumu la kauri, ambalo hufanya kazi hiyo kwa usafi zaidi, ila huhitaji fundi maalumu na gharama.

Lakini kumbuka fundisho la kwanza: joto haliuawi. Lisipotoka nje, hubaki katika chuma. Bomba lililofungwa utepe hupata joto kuliko lilivyozoea. Manifoldi ya zamani ya chuma cha kumimina yaweza kupasuka, na bomba jembamba huliwa na kutu, maana utepe hushika maji ya mvua na ya kuoshea. Tena utepe uliolowa mafuta ya injini au petroli huwa kama utambi wa taa. Kwa hiyo mafundi wengi husema: ngao kwanza, utepe baadaye, tena pale tu palipo na haja.

Jambo la hatari kuliko hayo ni kitambaa cha zamani. Miaka iliyopita watu walitumia asbesto, jiwe lenye nyuzi lisiloungua. Ilikuwa katika gasketi, katika vitambaa vya mabomba na katika breki. Imethibitishwa ya kuwa vumbi lake likivutwa pamoja na hewa hukaa katika mapafu, na baada ya miaka mingi huleta kansa na maradhi mengine mabaya. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya kila namna mwaka 1999. Basi mtu akikuta kitambaa cheupe kilichochakaa katika gari la kale, asikikate, asikipige msasa, wala asikipulize kwa upepo. Akiache kama kilivyo mpaka awepo ajuaye namna ya kukiondoa. Gari laweza kupata injini nyingine. Mtu hapati mapafu mengine.

9. Kulifungulia Joto Mlango

Joto lililozuiwa lisifike kwenye kabureta bado limo chini ya boneti, na lazima lipate mahali pa kutokea. Kuingiza hewa nyingi mbele hakufai kitu ikiwa haina njia ya kutoka. Nyumba yenye mlango wazi na ukuta mtupu nyuma haipitishi upepo.

Wengine hutoboa vipenyo katika boneti. Hapo yahitaji akili, kwa sababu hewa haifuati matakwa ya fundi. Gari liendapo kwa kasi, upepo hujikusanya chini ya kioo cha mbele na kugandamiza kwa nguvu. Vipenyo vikiwekwa karibu mno na kioo, hewa huweza kuingia badala ya kutoka. Vikiwekwa mbele zaidi, nyuma kidogo ya rejeta, hewa moto huvutwa nje. Gari likisimama mambo hubadilika: hewa moto hupanda yenyewe, na kipenyo cho chote kilicho juu hufaa. Kwa hiyo dereva asiyetaka kutoboa gari lake la thamani aweza kuifungua boneti kila asimamapo kwa muda, joto likapaa.

Mabomba ya petroli nayo yapitishwe mbali na manifoldi, yafungwe imara yasicheze, na mipira yake ibadilishwe kabla ya kuchoka. Pampu ikiwa nyuma karibu na tangi, huisukuma petroli mbele. Hilo ni bora kuliko pampu iliyo mbele iivutayo, kwa maana petroli ivutwayo hupungukiwa na mgandamizo, nayo huchemka mapema. Magari mengine yana bomba la pili lirudishalo petroli tangini, ili isikae mahali pamoja ikapata moto.

10. Gari Likikwama kwa Joto

Dereva aliyekwama asihangaike kuzungusha injini mpaka betri ife. Afungue boneti, angoje. Akiwa na haraka, achukue kitambaa safi, akiloweshe maji, akifunge juu ya bomba la petroli au pampu. Maji yakikauka huchukua joto pamoja nayo, kama mtungi wa udongo upozavyo maji ya kunywa. Asimwage maji juu ya manifoldi, kwani chuma cha moto kikipata baridi ghafula hupasuka. Ikiwa injini imejaa petroli iliyomwagika, akanyage mafuta mpaka chini bila kupigapiga, ili hewa nyingi iingie na kuikausha, kisha awashe.

Akisikia harufu kali ya petroli, asiwashe kabisa mpaka ameona yatoka wapi. Na ikiwa moto umekwisha kushika, azime injini, awatoe watu wote mbali, asiifungue boneti wazi, kwa sababu hewa ni chakula cha moto. Petroli haizimwi kwa maji. Huelea juu yake na kusambaa. Kizima-moto cha unga kitumiwe kupitia upenyo mdogo, na moto ukizidi, gari liachwe. Mali hutafutwa tena.

Motokaa za kale zimeishi miaka mingi kwa sababu watu walizijua tabia zake. Mwenye kujua joto lapita wapi hununua vitu vichache, tena hufika. Asiyejua hununua vingi, na bado husimama njiani.

Maswali

1. Joto la petroli iliyoungua hugawanyika mafungu gani matatu?
2. Taja njia tatu za joto, na kwa kila njia toa mfano wa jikoni kwenu.
3. Kwa nini gari lililozimwa kwa robo saa huweza kuwa gumu kuwaka kuliko gari linalokwenda?
4. Kwa nini petroli huchemka upesi zaidi Nairobi kuliko Mombasa?
5. Ngao ya bati ikigusana na manifoldi, kuna hasara gani?
6. Eleza maana ya maneno haya: “Joto haliuawi, bali huhamishwa tu.”
7. Jaribio: Weka kijiko cha chuma na kijiko cha mti katika kikombe kimoja cha maji ya moto. Hesabu mpaka 100, kisha gusa ncha ya juu ya kila kimoja. Andika ulichokihisi na sababu yake.